Maji ya Kupoza

Nyibol alifika hapa Lodwar siku ya Alhamisi, saa ile watu wanakunywa chai ya saa nne, na nilijua kuna msiba kabla hajafungua mdomo, kwa sababu mtoto wa Achol hawezi kusimama mlangoni pa mtu bila kusalimia. Nikamwambia akae. Alipita meza zote za wateja akaja kukaa kwenye benchi la jikoni, pale mama yake alikuwa anapenda kukaa kila akinitembelea, akaweka mkoba wake chini, akasema wamemzika mama Jumanne kule Kalobeyei, na mimi walinipigia siku mbili simu haipatikani. Ni kweli. Simu yangu ilizimika tangu Jumapili, na mimi simu ikizimika kwa kawaida hushukuru Mungu nikaendelea na kazi. Siku hiyo sikushukuru. Nikamuuliza, "Mwisho alikula nini?" Watu husema mimi ni mgumu, na labda hilo lilikuwa swali gumu, lakini nimekaa jikoni miaka yangu yote na ndilo swali ninalolijua. Akasema, "Uji." Nikamuuliza kama ulikuwa moto. "Ulipoa wenyewe," akasema. "Unajua nyumba yetu, mama. Hatupozi na kitu." Msichana wa jikoni akajua aende nje akatafute kuni ambazo hazikuhitajika.

Mambo ya kuzaliwa kwangu nayaacha. Mifugo iliisha, nikaja mjini, nikashika sufuria, basi. Shule nilifika darasa la tatu, kwa hivyo anayesoma haya avumilie. Nitaandika mwaka mmoja tu, ule wa kutoka katikati ya 2012 mpaka katikati ya 2013, na asidhani mtu kwamba nilikuwa kijana. Nilikuwa tayari nyanya wa wajukuu wawili. Nilikuwa nimefundisha wasichana wengi kupika na kufagia na kufunga mdomo, na sikuwa nimewahi kufikiri kwamba bado kuna mtu wa kunifundisha mimi.

Mwaka huo Lodwar ilijaa. Habari za mafuta zilikuwa zimetoka, na kila ndege na kila basi lilishusha watu wenye viatu vigumu wakitafuta mahali pa kulala. Mwenye hoteli niliyokuwa nikipika, Mzee Lokol, aliona hela za Lodwar akataka na za Kakuma, akanunua hoteli nyingine huko kando ya barabara ya kwenda Lokichoggio, akanituma mimi niisimamie. Ilikuwa nyumba ya mabati. Mbele chumba cha kulia chenye meza saba, nyuma jikoni, na uani vyumba sita vya wageni, kila kimoja na kitanda, neti iliyotoboka, na msumari wa kutundika shati. Adhuhuri mabati yalilia kwa joto, tah, tah, kama mtu anayerusha mawe madogo. Na mlangoni palikuwa na pipa la bluu la maji ya kunywa, lina kikombe cha bati kilichofungwa kwa mnyororo. Maji hayo yalikuwa ya kila mtu. Dereva wa lori akishuka anakunywa, mchungaji aliyetembea kutoka mbali anakunywa, mwanamke anayeuza makaa anakunywa na anampa mtoto. Kwetu huwezi kumwambia mtu hakuna maji wakati yapo. Afadhali umnyime chakula.

Achol alikuja kwanza kama mtu wa kuuza samaki wakavu. Alikuwa mkimbizi kutoka Sudan Kusini, Mdinka, mrefu mpaka mlango wa jikoni ulimlazimisha kuinama, na alikuwa anavuka laga kutoka kambini asubuhi, ule mto wetu wa mchanga ambao una maji siku chache tu za mwaka, akiwa na beseni kichwani na Nyibol nyuma yake. Siku moja alikuta sufuria zangu chafu zimelundikana kwa sababu msichana wa kuosha hakuja. Akaweka beseni chini, akaziosha zote bila kuambiwa, akazipindua juani. Nilitazama alivyosugua chini, kwenye pembe ile ambayo wavivu huiacha, nikamwambia kesho uje bila samaki. Hivyo ndivyo nilivyomwajiri. Alipika chapati, alipika kisra, ule mkate wao wa mtama mwembamba kama kitambaa, na madereva wa kutoka Juba walikuwa wanasimamisha malori kwa ajili yake.

"Ya mama," alikuwa ananiita hivyo, kwa Kiarabu chao cha Juba, "chapati yako ni godoro. Mtu anaweza kulala."

"Na mkate wako mtu anaona jirani yake kupitia ndani."

"Ndiyo vizuri. Anaona jirani amekula nini."

Mimi sicheki ovyo, lakini jikoni ile nilicheka.

Ugonjwa ulifika kama habari kwanza. Dereva mmoja alikuwa anasimulia mezani kwamba kambini watu wanahara maji matupu na wengine hawafiki hospitali, na mwenzake akamwambia, "Bwana, ngoja nimalize nyama." Baada ya wiki ukavuka laga ukaingia mjini. Kipindupindu hakihitaji kibali. Bwana afya, yaani yule mtu wa serikali wa kukagua usafi, akaja na pikipiki yake akafunga hoteli zote za mtaa wetu kwa asubuhi moja. Alikuwa kijana wa Katilu, mtoto wa watu wa shamba waliokaa kando ya mto wenye maji, mpole, na alikuwa na tabia moja niliyoichukia: hakuwahi kunywa chochote katika hoteli ya mtu yeyote. Unamkaribisha chai, anasema asante, anaandika.

Alituita akatusomea masharti. Maji ya kunywa yachemshwe. Kachumbari isiuzwe. Chakula kitoke motoni kwenda mezani, kisilale. Ndoo yenye mfereji na sabuni iwekwe mlangoni na nyingine chooni. Kila mtu sahani yake. Shuka za wageni zifuliwe kwa maji ya moto kila mgeni akitoka, na wageni wawili wasiojuana wasiwekwe chumba kimoja hata wakikubali wenyewe. Anayehara asiguse chakula. Nilirudi nikafanya yote siku ile ile. Nilikata pipa nusu likawa la kuchemshia shuka. Sabuni ya kwanza ya mlangoni ililiwa na mbuzi, ya pili nikaitia kwenye kipande cha neti nikaitundika juu. Taabu ilikuwa sahani. Siku ya kwanza baada ya kufunguliwa wazee wanne walikuja kutoka Nakalale, wameuza mbuzi, wakaagiza nyama kwenye sinia moja kama watu wanavyokula. Nikawapelekea sahani nne.

"Kila mtu sahani yake?" mmoja akauliza. "Kwani tumegombana?"

"Hamjagombana. Ni ugonjwa."

"Mimi na huyu tumekula pamoja tangu hatujaota hata meno," akasema, na wenzake wakacheka. "Leo nimwogope?"

Nikawaambia wale hivyo ama waende wakanunue tena mbuzi wao waliouza. Wakala. Lakini walikaa wamevuta sahani zao nne mpaka zikagusana katikati ya meza, mduara mmoja, na nilipopita niliona mikono inatembea kutoka sahani hadi sahani. Niliwapiga kelele, na yule msemaji akaniambia, "Mama Akai, wewe ungekuwa askari."

Kufunguliwa kwenyewe kulikuwa hivi: bwana afya alipokagua tena alikuta hoteli yangu imetimiza kila kitu. Alinipa karatasi ya kufungua. Mtaa mzima umefungwa, mimi peke yangu nimefunguliwa. Niliibandika karatasi ile ukutani kwa unga wa ngano, na ninakiri nilitembea kifua mbele. Wenye hoteli wengine walikuwa wanapita wakitazama chini, na mimi niliona ni sawa tu, wangechemsha maji.

Sasa nieleze habari ya maji. Nilikuwa ninachemsha sufuria kubwa mbili kila asubuhi, mimi mwenyewe, sikumwachia mtu, na nikishachemsha ninamimina kwenye pipa la mlangoni. Lakini ile ni Kakuma. Maji yaliyochemka asubuhi saa kumi na mbili, saa sita bado unaweza kunyonyolea kuku. Na mtu aliyetoka juani anataka maji baridi. Palikuwa na mzee mmoja, Mzee Ekiru, mchungaji wa zamani asiye na mifugo tena, alikuwa anakaa kivulini ng'ambo ya barabara na kila adhuhuri anavuka kuja kunywa vikombe viwili kwenye pipa langu. Hakuwahi kula kwangu. Alikunywa, akashika mnyororo ule kidogo kama mtu anayeaga, akarudi kivulini. Siku ya kwanza ya maji yaliyochemshwa alikunywa akatema mlangoni.

"Ngamia wako anaumwa?" akaniuliza. "Mkojo wake ni moto."

"Ni maji ya afya, mzee. Kunywa."

"Afya ni ya nani? Mimi nina kiu."

Akarudi kivulini bila kunywa, siku ya pili hivyo hivyo, na siku ya tatu nilimwona amevuka kwenda kuomba kwa mwanamke aliyetoka kuchota kwenye shimo la laga. Ilinichoma. Mtu aliyekunywa mlangoni pangu kila siku anaomba maji kwingine. Asubuhi iliyofuata nilipomimina sufuria zangu mbili kwenye pipa, nilichukua mtungi mmoja wa maji ya laga, yale ambayo wanawake walikuwa wanatuletea kwa ajili ya kuosha, nikaumimina juu. Maji yakawa vuguvugu, saa sita yakawa ya kunyweka. Mzee Ekiru alikunywa vikombe vitatu, akasema, "Sasa ngamia amepona."

Wengine watasema nilijua nikadanganya. Sikujua. Nilikuwa nimemwona kijana wa mashirika akitia kijiko kimoja cha dawa kwenye pipa zima la maji, akasema pipa zima limekuwa salama. Nikafikiri kwa akili yangu ya darasa la tatu: maji yaliyochemka yameshakuwa dawa. Kama kijiko kimoja kinasafisha pipa, basi sufuria mbili kubwa zitashindwaje na mtungi mmoja? Nilifanya hivyo kila asubuhi kwa siku kumi au zaidi, na sikumwambia mtu, kwa sababu hakuna mtu anayetangaza kwamba amepoza maji. Ni kama kutangaza kwamba umekoroga chai.

Kwanza aliugua dereva aliyelala chumba cha nne. Halafu msichana wangu wa kupeleka chakula mezani. Hao wawili walipona. Halafu Mzee Ekiru hakuvuka barabara siku moja, na jioni yake tukasikia amefariki. Asubuhi chumba changu cha kulia kilikuwa kinanong'ona. Sikuhitaji kusogea kusikia. "Ni yule mrefu wa kambi." "Anatoka huko kila asubuhi, ugonjwa anauacha wapi?" "Wanapika na mikono ile." Mtu mmoja alisukuma kisra yake pembeni akaomba mkate wa dukani. Nikaingia jikoni. Achol alikuwa amesikia kila neno, ukuta ule ulikuwa bati tu.

Nilimwambia aende nyumbani mpaka ugonjwa uishe. Nilisema kwa sauti kubwa kidogo, na najua kwa nini nilisema kwa sauti kubwa. Nilitaka wateja wasikie.

Hakulia wala hakupiga kelele. Alivua aproni akaikunja mara nne. Akaosha kikombe chake cha chai, akakipindua. Halafu akauliza swali moja tu.

"Nimegusa nini, ya mama?"

Nikahesabu moyoni. Aligusa unga, na unga ulikwenda motoni. Aligusa kikaango. Kazi ya maji ilikuwa yangu. Nikasema, "Wewe nenda tu, Achol." Akasema, "Mafi mushkila," maana yake hakuna shida, akainama mlangoni, akavuka laga na beseni tupu. Nyibol alikuwa nje anamngojea. Yule mtoto alinitazama vile watoto hutazama, bila haya.

Ndani ya siku tatu baada ya Achol kuondoka waliugua wengine watatu, wote walikunywa kwangu, mmoja hakuwahi hata kuonja mkono wa Achol. Bwana afya akaja. Nilijitayarisha kumweleza, na akaniambia, "Mama, usinieleze. Fanya kama asubuhi, mimi nikae hapa." Akakaa kwenye kiti cha jikoni. Basi nikafanya. Nilisugua sufuria, niliwasha moto, nilichemsha mpaka maji yakaruka, nilisafisha pipa, nilimimina. Nilijivunia, kusema kweli. Halafu nikanyanyua mtungi wa maji ya laga.

"Hayo ni ya nini?"

"Ya kupoza."

Aliweka kalamu chini. Hakupiga kelele, na ningependa angepiga. Akasema, "Mama Akai, maji yaliyochemka si dawa. Ni maji tu. Wadudu waliokuwa ndani wamekufa. Ukiyatia maji mabichi, umewaletea wadudu wapya nyumba safi." Akaniuliza tangu lini. Nikamwambia. Akaniuliza nilianza kwa ajili ya nani, nikamwambia, kwa ajili ya Mzee Ekiru. Nilikuwa bado nimeshika mtungi ule. Ulikuwa mzito lakini sikukumbuka kuuweka chini.

Akaondoa karatasi ukutani mwenyewe. Ilikuwa imeshika vizuri, unga wa ngano hushika, ikabidi aikwangue kwa ukucha. Akasema kesho kuna baraza ya wenye hoteli wote kwa chifu, na yeye mwenyewe atatakiwa kueleza ugonjwa wa mtaa wetu ulitoka wapi.

Mzee Lokol alinipigia kabla ya saa sita, habari zilishafika Lodwar. "Sikiliza," akasema, "yule mwanamke wa kambi ameshaondoka. Wacha iwe ni yeye. Tunafunga wiki moja, tunasema tumemfukuza, tunafungua. Ukisema ni maji ya hoteli, hakuna dereva atasimama tena, na wewe na wale wanawake wote wa jikoni mtakwenda kuuza kuni."

"Na Achol?"

"Achol anapewa posho na dunia nzima. Wewe unapewa na nani?"

Nikaweka simu chini. Ni mtu aliyenipa kazi nilipokuwa sina kitu, na alisema kweli kuhusu kuni. Nilikaa uani kwenye ngazi ya chumba cha nne nikitazama shuka zangu zilizofuliwa kwa maji ya moto zikikauka. Nilikuwa nimefanya kila sharti isipokuwa moja, na lile moja nilifikiri nimelifanya kuliko wote. Nilipokuwa nimekaa pale niliona jambo dogo. Karatasi ile ingerudi ukutani siku moja, iwe nitasema ukweli au uongo. Achol asingeweza kurudi jikoni kwa uongo.

Kwa chifu tulikaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai. Wana wawili wa Mzee Ekiru walikuwa wamekuja. Bwana afya alipofika kwenye habari ya mtaa wetu nilisimama kabla hajanitaja, nikasema kwa Kiturkana kwamba maji ya pipa ni kazi yangu, nilichemsha kisha nikapoza kwa maji ya laga, mzee alikunywa kwangu, na mwanamke wa kambi hakuwahi kugusa pipa. Nikakaa. Mtoto mkubwa wa marehemu akanyanyuka akatoka nje ya turubai, akasimama juani na mgongo kwetu. Tulingoja. Halafu akarudi akakaa akasema, "Baba alikuwa anapenda maji baridi," na hakusema lingine, siku hiyo wala siku nyingine.

Nilitoka pale nikavuka laga moja kwa moja. Nilimkuta Achol nje ya nyumba yake ya udongo anatwanga mtama, na hakuacha kutwanga. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kwa sababu hakunipa kiti.

"Umewaambia?" akauliza.

"Nimewaambia wote. Mbele ya chifu."

"Kwa lugha gani?"

"Kiturkana."

"Basi umewaambia watu wako." Mtwangio ukaanguka, ukapanda. "Watu wangu wamesikia Achol amefukuzwa kwa uchafu. Jirani hapokei unga kutoka mkononi mwangu, na mtoto wangu wanamsukuma mwisho wa foleni. Kesho asubuhi uje bombani. Useme kwa Kiswahili. Mimi nitawageuzia kwa Kidinka."

Nilikwenda. Sijawahi kuona asubuhi ndefu kama ile. Foleni ya mitungi ilizunguka kituo cha maji, ya njano, ya bluu, mingine imezibwa kwa gunzi la mahindi, na wanawake wamesimama kila mmoja nyuma ya mtungi wake, wote warefu, wananitazama kutoka juu. Achol akapiga makofi mara mbili. Nikasema maneno yangu. Yalikuwa machache: mimi ndiye niliyeharibu maji, nilichanganya yaliyochemka na mabichi nikitaka yapoe, mtu amekufa, Achol ni msafi, nilimfukuza kwa uongo. Halafu Achol akageuza kwa Kidinka. Aligeuza kwa muda mrefu sana. Mimi nilisema kama mtu anayehesabu vijiko, na yeye alisema kama padri. Katikati aliwauliza kitu, nilijua ni swali kwa jinsi alivyonyanyua mkono wake mwenyewe. Halafu mwanamke mmoja nyuma akacheka, akafuata mwingine, na foleni yote ikacheka, wengine wamejifunika mdomo kwa shuka.

Nilisimama nikachekwa mpaka kicheko kikaisha. Mtu amekufa, na wananicheka. Nikajiambia ni haki yao.

Achol alirudi kazini hoteli ilipofunguliwa, wiki tatu baadaye, na alirudi kwa sharti lake: maji ni yake. Alitupa kikombe cha mnyororo. Pipa akalitia mfereji chini na kufuli juu, ufunguo kwenye shingo yake, ili mkono wa mtu usiingie. Na alichemsha jioni maji ya kesho, akaijaza mitungi safi, akaifunika, akaifunga magunia mabichi akaiweka uani pale upepo unapita. Asubuhi maji yalikuwa baridi kama ya mtungi wa udongo. Jambo rahisi hivyo. Kuchemsha jana ili unywe leo. Bwana afya alipokuja kukagua akaangalia pipa, akaangalia magunia, akagusa mtungi kwa kiganja. Halafu akasema, "Mama, nipe maji." Nilimpa mimi mwenyewe, na akanywa yote.

Madereva walirudi polepole. Mzee Lokol alininyamazia mpaka baada ya Krismasi. Lakini kufika Machi, wakati wa uchaguzi, watu waliokuja na masanduku na makaratasi walilala kwetu, vyumba vyote sita, kwa sababu walikuwa wameambiwa kwamba ile ndiyo hoteli ambayo ukiomba maji wanakuonyesha yalichemshwa lini. Mwaka ule ulipofika katikati nilirudishwa hapa Lodwar, na Achol akabaki na ufunguo wake. Miaka ya baadaye, corona ilipokuja na kila hoteli ya Lodwar ikakimbilia kununua ndoo za mlangoni, zangu zilikuwapo, mfereji umeshachakaa. Kijana mmoja wa kaunti aliniuliza nani alinifundisha. Nikamwambia ni mwanamke niliyemfukuza kazi. Alidhani ni utani.

Basi Alhamisi ile, tulipokuwa tumekaa na Nyibol kwenye benchi la jikoni, nilimuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza mama yake. Miaka yote hiyo tulitembeleana, tulipeana unga, nilimshika Nyibol siku ya ubatizo wa mtoto wake, na sikuuliza, kwa sababu niliogopa jibu. Nikamwambia, "Siku ile bombani. Wewe ulikuwepo na mtungi wako. Mama yako alisema nini mpaka wakanicheka?"

Nyibol akanitazama. "Wakakucheka wewe?"

"Foleni nzima."

Akatikisa kichwa. Machozi yalianza kumtoka na wakati huo huo anatabasamu. "Alisema vile ulivyosema, yote, mpaka ya mzee aliyekufa. Halafu akawauliza: nani hapa hajawahi kupoza uji wa mtoto wake na maji ya kwenye mtungi? Ambaye hajawahi, anyanyue mkono, nianze kumcheka huyu mama pamoja naye. Hakuna aliyenyanyua. Mama mwenyewe alinyanyua kwanza, halafu akajikumbuka akaushusha. Ndipo wakacheka. Walikuwa wamekamatwa, wote. Na tulipofika nyumbani siku ile, mama alimwaga uji wa mdogo wangu ukiwa bado kwenye bakuli."

Nje msichana wa jikoni alikuwa amerudi na kuni zake mbili. Nikamwambia aziweke, alete vikombe viwili, na chai aliyoileta ilikuwa inafuka. Hatukuipoza. Tulikaa pale na Nyibol, tukaingoja.